Ubora wa Miongozo kwa Watunga Sera za Mifumo ya Afya: Uhakiki wa Zana ya AGREE-HS

Mwaka 2007 Oxman, Lavis na Fretheim walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti kuhusu namna Shirika la Afya Duniani lilivyokuwa likiandaa mapendekezo yake. Matokeo hayakuwa ya kujivunia. Mapitio ya kimfumo ya tafiti yalitumika kwa nadra, na uzito mkubwa uliwekwa kwenye maoni ya wataalamu. Mwaka huohuo shirika hilo liliunda kamati ya kuhakiki miongozo yake. Tangu hapo suala la ubora wa mwongozo limekuwa, kwa sehemu kubwa, suala la utaratibu: nani alishirikishwa, ushahidi ulitafutwaje, na migongano ya maslahi ilitangazwa au la. Miongozo ya tiba ilikuwa na kipimo chake, AGREE, ambacho toleo lake la pili la mwaka 2010 lina vipengele 23. Miongozo inayomweleza waziri namna ya kuajiri, kugharimia na kupanga huduma ilisubiri zaidi, hadi ilipopata AGREE-HS.

Zana hiyo ina vipengele vitano: mada, washiriki, mbinu, mapendekezo na utekelezekaji. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Ufupi huo ni sifa, hasa kwa ofisi za wizara zisizo na watafiti wa kutosha. Hata hivyo, kila kipengele kimebeba vigezo kadhaa ambavyo mhakiki hulazimika kuviyeyusha katika namba moja, na namba hizo zinapojumlishwa tofauti muhimu hupotea. Mwongozo uliopata alama 7 katika vipengele vinne na 2 katika utekelezekaji hufikisha 30. Mwongozo uliopata 6 katika kila kipengele nao hufikisha 30. Kwa mhakiki wa maktabani, miongozo hiyo miwili inalingana. Kwa mkurugenzi wa mipango anayetakiwa kuwasilisha bajeti, wa kwanza unakaribia kutokuwa na manufaa.

Udhaifu huo wa kihesabu unaweza kurekebishwa kwa kuripoti kila kipengele peke yake. Uliopo chini yake ni mgumu zaidi. Zana inaweza kuonyesha kwamba mwongozo umeandaliwa kwa uangalifu bila kufichua ni nini hasa kilichoivusha hoja kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye pendekezo. Katika mifumo ya afya, hapo ndipo uamuzi wenyewe hufanyika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu programu za wahudumu wa afya ngazi ya jamii unatoa mfano mzuri. Una mapendekezo 15, na sehemu kubwa ya ushahidi wake umepimwa kuwa wa uhakika mdogo au mdogo sana. Hilo lisisomwe kama aibu. Katika mfumo wa upimaji wa GRADE, uhakika mdogo sana haumaanishi kwamba hatua fulani imethibitika kushindwa, bali kwamba athari yake halisi yaweza kuwa mbali na ile iliyokadiriwa. Tafiti zinazolinganisha wahudumu wanaolipwa na wasiolipwa katika mazingira yanayofanana ni vigumu kuziendesha, na yaliyofaa wilaya moja hayahamishiki kirahisi hadi nyingine. Mwongozo unaokiri hivyo una heri kuliko ule unaojipamba kwa uhakika usiokuwapo.

Hata hivyo, pendekezo la kuwalipa wahudumu ujira unaolingana na ugumu wa kazi, saa, mafunzo na majukumu yao limepewa daraja la pendekezo thabiti, ilhali ushahidi wake ni wa uhakika mdogo sana. GRADE huruhusu muunganiko wa namna hiyo katika hali chache maalumu, kwa mfano pale uhai unapokuwa hatarini. Suala la ujira haliingii humo kwa urahisi. Kinacholibeba pendekezo ni hoja ya haki: kwamba si halali mfumo wa afya kuegemea kazi ya bure ya watu maskini, wengi wao wanawake. Hoja hiyo ina nguvu, pengine kuliko matokeo ya jaribio lolote ambalo lingeweza kufanywa. Lakini ni hoja ya maadili, na msomaji anayekuta neno “thabiti” kando ya jedwali la ushahidi anaweza kudhani kwamba uthabiti huo umetoka katika jedwali. AGREE-HS inataka maadili yazingatiwe. Haimlazimishi mhakiki kusema kama pendekezo linasimama kwa ushahidi au kwa maadili, wala kama waandishi wameweka mpaka huo wazi.

Madhara ya ukungu huo huonekana fedha zinapotajwa. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa jamii zaidi ya 100,000, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na serikali za kaunti. Je, kiasi hicho “kinalingana” na kazi? Mwongozo unataja vigezo vya ulinganifu lakini hauweki njia ya kukokotoa. Afisa wa hazina anaweza kuushika akasema kwamba malipo yapo. Mtetezi wa wahudumu anaweza kuushika uleule akasema kwamba kinacholipwa si ujira. Wote wawili watakuwa wameunukuu kwa usahihi.

Itadaiwa kwamba mwongozo wa dunia nzima hauwezi kupanga mishahara ya kaunti. Ni kweli, na hakuna anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kama pendekezo limesimama juu ya haki za mfanyakazi, basi kipimo cha ulinganifu kitoke huko pia, kwa mfano kima cha chini cha mshahara kisheria kikigawanywa kwa saa zinazofanywa. Hapo mtunga sera angepata kitu cha kukubali au kukikataa hadharani. Kipengele cha utekelezekaji, jinsi kilivyo sasa, kinaweza kumpa alama nzuri mwandishi aliyetaja gharama na vikwazo kwa ufasaha, hata kama hakuacha nyuma yake swali moja ambalo wizara ya fedha ingelazimika kulijibu.