Springi Imefungwa, Kazi Haijaisha

Hilux inayoshusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo haimalizi springi zake kwa uzito pekee. Kona na breki za mteremko huuegemeza mzigo mara upande huu, mara ule, na mabushi ndiyo yanayosagika kwanza. Jirani yangu anayefanya biashara hiyo aliamua kubadili springi za nyuma mwenyewe. Sababu yake ilikuwa pesa ya ufundi. Baada ya kuifuatilia kazi yake, naamini faida kubwa aliyoipata ilitoka kwingine.

Muundo wenyewe hauna fumbo. Jicho la mbele la springi linashikwa na bolti moja kwenye chesisi. La nyuma linaning'inia kwenye shakeli, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapolala. Katikati, yubolti mbili zinaibana kwenye ekseli, na kichwa cha sentabolti kinaingia kwenye tundu lake ili ekseli isihame. Zinahitajika stendi mbili imara chini ya chesisi, jeki chini ya ekseli, spana ndefu na msaidizi. Kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu ni kucheza na roho.

Kilichomla muda ni kutu. Bolti ya jicho hupita ndani ya kibomba cha chuma kilicho katikati ya bushi, na vikishikana, nati hutoka ila bolti huzunguka na bushi lake. Wengi hapo huwasha gesi. Mpira huungua, na tangi la mafuta na mipira ya breki haviko mbali. Yeye aliikata kwa grinda, na kwa kuwa bolti mpya zilikuwa zimenunuliwa kabla, kazi haikusimama. Kusukuma mabushi mapya kulihitaji presi, kwa hiyo springi zilipelekwa gereji bila gari, akalipia presi tu. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoupenda.

Fundi mmoja huko alimshauri aongeze bapa nene ya gari jingine. Alikataa, na alifanya vyema. Bapa yenye upana na urefu uleule ikiwa nene mara mbili, ugumu wake hupanda mara nane. Springi ikikataa kupinda, kishindo kinahamia kwenye chesisi, na breki zinabaki zilezile.

Kisha kukaza, ambako ndiko kazi hii inakopatia au kukosea. Bushi la mpira halizunguki kwenye bolti. Hujipinda na kurudi. Ukilikaza ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejipinda muda wote na unachanika mapema. Kwa hiyo bolti za macho na shakeli hushikizwa tu kwanza, gari likashushwa juu ya matairi yake, ndipo zikakazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Yubolti nazo lazima ziwe mpya, maana hubana kwa kuvutika, na iliyokwisha kuvutika haiaminiki tena. Hata mpya hulegea kidogo mwanzoni, kwa sababu rangi na uchafu kati ya bapa husagika na bapa zenyewe hukaa sawa. Baada ya kilomita mia chache zikazwe tena. Zikiachwa, springi inaanza kucheza, bapa inakatika palepale kwenye tundu la sentabolti, au sentabolti yenyewe inakatika na ekseli inarudi nyuma upande mmoja, gari likaenda kimshazari.

Huo mkazo wa pili ndio unaopotea gari likishatoka getini mwa gereji: fundi ana gari jingine, dereva ana mzigo. Jirani yangu aliurudia kwa sababu spana ilikuwa yake na gari lililala nyumbani. Anayelipia gereji apatane na fundi mapema kwamba atarudi kukaziwa, na bei hiyo iwemo.

Mbele ni habari nyingine. Hilux zilizotoka baada ya 2005 zina springi ya koili iliyobanwa juu ya shokapu, na nati ya juu ikifunguliwa bila kibanio maalumu, koili hiyo inaweza kuua. Hapo mlipe mwenye kifaa, na gari likapimwe alaimenti kabla halijarudi mlimani.