Waraka wa Kufungua Muhula Unavyofika Kibaha

Kituo cha Mkoa wa Pwani cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka makao makuu ya chuo hicho Kinondoni, Dar es Salaam. Ofisa akitoka Kinondoni alfajiri na bahasha mkononi, foleni ya Barabara ya Morogoro ikimhurumia, atafika Mailimoja ofisi zikifunguliwa. Ndiyo maana mkoa huu unafaa kupimia jinsi uongozi wa taaluma unavyowasiliana na wahadhiri wake muhula unapoanza. Hapa umbali wa makao makuu hauwezi kusingiziwa. Kikikwama kitu, kimekwama kwenye mpangilio wa kazi.

Ila Pwani ina ugumu wake. Mwanafunzi wa Kisarawe mjini yuko chini ya mkoa unaoongozwa kutoka Kibaha, lakini safari yake ya kawaida kwenda huko humpitisha Dar es Salaam kwanza. Aliye ndani zaidi, kule Mzenga au Maneromango, ana njia ya kutokea Mlandizi. Wa Mafia hana budi kuvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ndipo aanze safari ya nchi kavu. Kwa mtu wa namna hiyo, tarehe ya mtihani iliyosogezwa kwa siku moja tu inamaanisha boti nyingine, malazi mengine, na ruhusa nyingine ya kuomba kwa mwajiri. Mhadhiri wa kituo ndiye anayepigiwa simu, naye hawezi kujibu zaidi ya alivyoambiwa.

Kwa hiyo, tunapozungumzia taarifa za uongozi kwa wahadhiri mwanzoni mwa muhula, tunazungumzia kitu kizito kuliko salamu za kuwakaribisha kazini. Katika chuo cha kawaida, waraka mbovu huokolewa na korido. Mhadhiri asiyeelewa humfuata Mkuu wa Idara mlangoni kwake, wakamaliza. Chuo kilichosambaa nchi nzima hakina korido hiyo, na kila kilichoachwa bila kuandikwa kinabaki bila kujulikana.

Waliokianzisha walilijua hilo vizuri. Kamati iliyoundwa mwaka 1988 kuchunguza uwezekano wa kuwa na chuo kikuu huria iliongozwa na Nicholas Kuhanga, mtu aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1980 hadi mwaka huo huo. Geoffrey Mmari, aliyepokea kiti hicho kutoka kwake, ndiye aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza rasmi Machi 1, 1993. Tazama mfuatano huo: wawili waliokwisha kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kumbi na mabweni, ndio waliosimamia kuzaliwa kwa chuo ambacho mwanafunzi wake yuko popote. Nadhani uzoefu huo ndio uliowafanya waone kwamba vituo vya mikoa lazima viwe sehemu ya chuo chenyewe, vikiwa na wahadhiri wake, badala ya kuwa masanduku ya kupokelea barua.

Uamuzi huo ulileta faida kubwa, na hapo hapo ukazaa tatizo la kiufundi ambalo mpaka leo ndilo kiini cha waraka wa kufungua muhula. Mhadhiri wa kituo ana wakubwa wawili.

Chukua mhadhiri wa sheria aliyepangiwa Kibaha. Kwa upande wa taaluma, yeye ni wa Kitivo cha Sheria. Kozi anayoifundisha, mtihani anaoutunga na maksi anazotoa vinapita kwa Mkuu wa Idara na Mkuu wa Kitivo, hadi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma na hatimaye Seneti. Kwa upande wa kazi ya kila siku, yuko chini ya Mkurugenzi wa Kituo cha Mkoa: kupokea wanafunzi wapya, kusimamia mitihani, kuendesha vipindi vya ana kwa ana, kushauri aliyekata tamaa. Mkurugenzi huyo naye anawajibika kwa Naibu Makamu Mkuu mwingine, anayeshughulikia teknolojia za kujifunzia na huduma za mikoani. Mistari hii miwili hukutana juu kabisa, mezani kwa Makamu Mkuu wa Chuo, na chini kabisa, mezani kwa mhadhiri mmoja wa Kibaha.

Katikati hapo haikutani popote, isipokuwa watu waamue kuikutanisha.

Hebu tuone kinachotokea wiki ya kwanza. Kitivo kinataka maswali ya mtihani yawasilishwe mapema ili yapitiwe na mtahini wa nje. Kituo kinataka wahadhiri wote wawepo kwa siku za kuwapokea wanafunzi wapya. Kila agizo ni halali, na kila moja limetoka kwa mtu mwenye mamlaka. Yakiwa kwenye barua mbili zilizotumwa na ofisi mbili, mhadhiri ndiye anayegeuzwa mwamuzi wa lipi litangulie, jambo ambalo si kazi yake. Atachagua la mkubwa aliye karibu, yaani Mkurugenzi anayemwona kila siku, na mtihani utachelewa. Mwezi wa pili kitivo kitamwandikia barua ya kumtaka ajieleze, na ukisoma barua hiyo peke yake utadhani ni mhadhiri mzembe.

Dawa ya kiutawala ipo, na ni rahisi kuitaja kuliko kuitekeleza: waraka mmoja wa kufungua muhula, uliosainiwa kwa pamoja na pande mbili, wenye ratiba moja. Ugumu wake hauko kwenye kuandika. Uko kwenye kikao kinachotangulia, ambapo mtu wa taaluma na mtu wa mikoa wanalazimika kugombana juu ya tarehe mpaka wakubaliane. Waraka wenye saini mbili ni ushahidi kwamba ugomvi huo umemalizikia juu, kwa watu wanaolipwa kuumaliza.

Sasa tuingie ndani ya waraka wenyewe, maana hata ukiwa mmoja unaweza kuandikwa ovyo. Sentensi hii ya kubuni inafanana na zile ambazo kila mhadhiri wa nchi hii amewahi kuzisoma: “Wahadhiri wote mnakumbushwa kuwasilisha matokeo kwa wakati ili kuepusha usumbufu kwa wanafunzi.” Haina kosa la sarufi, na haina msaada wowote. Matokeo yapi? Kwa nani? Wakati upi? Anayejua majibu hahitaji kukumbushwa, na asiyejua hajaambiwa. Ilinganishe na hii, nayo ya kubuni: “Matokeo ya kozi zilizotahiniwa muhula uliopita yaingizwe kwenye mfumo kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki ya pili. Mhadhiri ambaye skripti zake hazijarudi kutoka vituoni amjulishe Mkuu wa Idara kufikia Jumatano, akitaja kozi na kituo. Mkuu wa Idara atawasiliana na kituo husika yeye mwenyewe.”

Sentensi tatu. Ya kwanza inatoa kazi na mwisho wake. Ya pili inamfungulia mlango mwenye udhuru halali, lakini inamtaka auseme mapema, kabla tarehe haijapita. Ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu kiongozi anajipa kazi. Mhadhiri wa Kibaha akisoma kwamba Mkuu wa Idara atapiga simu Mtwara au Kigoma kuulizia skripti, anaelewa kwamba waraka huu haukuandikwa kumtega. Nyaraka nyingi za kufungua muhula zimejaa vitenzi vya walio chini: wawasilishe, wahudhurie, wazingatie. Hesabu ni mara ngapi aliyesaini anasema atafanya nini na lini. Idadi hiyo inaueleza uongozi wa chuo vizuri kuliko picha za jarida lake.

Kuna sehemu nyingine ya waraka ambayo huonekana ya heshima tu: mabadiliko ya viongozi. Muhula unaanza na Mkuu wa Idara mpya, au Mkurugenzi wa Kituo amehamishwa. Desturi yetu ni kumpongeza aliyeingia na kumshukuru aliyetoka, nayo ni desturi njema. Ila mhadhiri anahitaji zaidi ya hapo. Kama maombi yangu ya likizo ya masomo yako mezani kwa aliyeondoka, yamehama naye? Mitihani ya nyongeza ya muhula uliopita atasaini nani? Aliyepewa ahadi ya kupunguziwa kozi ili amalize tasnifu yake ya uzamivu, ahadi hiyo bado ina nguvu? Aya moja inayosema kwamba mambo yote yaliyokuwa mezani yamekabidhiwa kwa orodha, na kwamba mwenye shauri lisilojibiwa alilete upya ndani ya wiki mbili, ingeondoa manung’uniko ya mwaka mzima. Makabidhiano ya ofisi tunayafanya vizuri kwa magari na funguo. Kwa mashauri ya watu tunayafanya kwa kubahatisha.

Mtu anaweza kusema haya yote ni madogo mno kuitwa uongozi wa taaluma, na kwamba uongozi ni dira na mpango mkakati. Historia ya vyuo vyetu inaonyesha jinsi viwili hivi vinavyofungamana. Chini ya Profesa Matthew Luhanga, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1991 hadi 2006, chuo hicho kilipitisha mpango mkakati wake mwaka 1994 na kuanza mageuzi makubwa. Miongoni mwa watekelezaji wakuu wa mageuzi hayo alikuwa Profesa Tolly Mbwette, ambaye mwaka 2005 alikwenda kuongoza Chuo Kikuu Huria, akafika na utaratibu wa mpango mkakati unaopitiwa upya kila mara kazi inavyosonga. Mpango wa namna hiyo unaishi au kufa kulingana na taarifa ndogo ndogo. Ukipitiwa mwaka huu na lengo likabadilika, mtu wa Kibaha atalijua kupitia waraka wa muhula, au hatalijua kabisa na ataendelea kutekeleza lengo la mwaka juzi kwa bidii zote.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Machi mwaka huo serikali ilifunga shule, kisha vyuo, kwa sababu ya korona. Mei 21 Rais John Magufuli akatangaza kwamba vyuo vifunguliwe Juni 1. Siku kumi na moja. Ndani ya siku hizo kila chuo kikuu nchini kililazimika kupanga upya almanaki yake na kuwaambia wahadhiri wake, waliotawanyika mikoani kwa familia zao, ni wiki ngapi zitafidiwa na kwa namna gani. Kwa mara moja vyuo vyote vilijikuta katika hali ambayo chuo huria kiliizoea tangu kuzaliwa: wahadhiri hawaonani, korido hakuna, na kilichoandikwa ndicho pekee kilichopo. Nadhani hatujalifanyia kazi vya kutosha somo la siku zile. Nyaraka za kipindi kile, chuo kwa chuo, zingepaswa kukusanywa na kusomwa na watu wa utawala wa elimu ya juu, ziangaliwe zipi zilieleweka mara moja na zipi zilihitaji ufafanuzi wa ufafanuzi.

Siku hizi ufafanuzi huo huenda kwenye makundi ya WhatsApp, na sioni ubaya wa kuwa nayo. Yana kasi, na Mkurugenzi wa Kituo anaweza kumfikia kila mtu wake ndani ya dakika tano. Hatari inaanza pale kundi linapobadili kilichosemwa na waraka. Ujumbe wa saa tatu usiku unaosema tarehe imesogea hauna kumbukumbu namba, haupo kwenye faili, na atakayejiunga na kituo mwezi ujao hataukuta. Kanuni inayofaa ni fupi: kundi litangaze kwamba waraka umerekebishwa, na waraka uliorekebishwa, wenye tarehe mpya na namba yake, utumwe kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Kanuni hiyo ikivunjwa wiki ya kwanza, kufikia wiki ya tano kutakuwa na almanaki mbili, moja ya Seneti na moja ya simu.

Liko jambo la mwisho la kiufundi, nalo ni njia ya kurudi juu. Mhadhiri wa Kibaha anajua mambo ambayo Kinondoni haiyajui: kwamba tarehe fulani itaangukia wakati walimu wa Kisarawe, ambao ni wanafunzi wake, wako kwenye usimamizi wa mitihani ya kitaifa, au kwamba boti ya Mafia imesimama kwa matengenezo. Waraka unaotumwa ukiwa umeshakamilika unampa nafasi ya kulalamika tu. Ukitumwa kwanza kama rasimu kwa wakurugenzi wa vituo, siku saba kabla ya kwenda kwa wahadhiri, ukiwa na swali moja linalotaka jibu la maandishi, “Ni tarehe ipi kati ya hizi haiwezekani mkoani kwako, na kwa nini?”, makao makuu yatapata taarifa ambazo yasingezipata kwa njia nyingine. Majibu mengine yatakuwa ya kuvuta kamba, na mengine yatakataliwa. Anayekataa naye aandike sababu, ili Mkurugenzi wa Kituo awe na la kumwambia mhadhiri wake, na mhadhiri awe na la kumjibu mwanafunzi wa Kilindoni atakapopiga simu kuuliza kama kweli inabidi awe Kibaha Jumatatu asubuhi.