'Aina' au 'umbo'? Kidukari wa kunde na ugomvi wa Garsen

Juzi nikiwa Garsen, mama mmoja mkulima wa kunde alinionyesha kipeperushi cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiswahili. Kilisema kunde hushambuliwa na "aina mbili za vidukari, wenye mabawa na wasio na mabawa". Mama akaniambia, "Mwalimu, wangu hawaruki. Hawa wa mabawa ni aina nyingine, wametoka kwa jirani." Na huyo jirani hawasemezani tangu mvua za vuli.

Kosa si la mama. Kosa ni la hilo neno aina. Kwa msomaji wa kawaida aina mbili ni viumbe wawili mbalimbali, kama kuku na kanga. Kumbe ukimhesabia kidukari wa kunde kromosomu zake, mwenye mabawa ana 8, na asiye nayo ana 8 zile zile. Huku kwetu kwenye joto, jike huzaa majike wenzake bila dume, na watoto ni nakala ya mama yao. Wakishabanana kwenye bua, au mmea ukianza kukauka, majike yale yale huzaa watakaoota mabawa, wahamie kwingine na kubeba virusi vya kunde. Mama angechungulia bua lake angeviona vitoto vyenye vichipukizi vya mabawa mgongoni. Wamezaliwa papo hapo.

Mtaalamu atanikumbusha kidukari wa njegere, ambaye dume lake huota mabawa au hukosa kutegemea jeni iliyo kwenye kromosomu X. Sawa, lakini hata hao wa mabawa na wasio nayo ni spishi moja.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Nzige ambaye hajaota mabawa tunamwita tunutu, maige, funutu, na hakuna aliyedai kuwa tunutu ni mdudu mwingine. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, magazeti, hili likiwemo, yangeweza kuyafufua maneno hayo. Wengi wetu tuliandika "nzige wachanga" basi.

Kwa vidukari napendekeza umbo: umbo lenye mabawa, umbo lisilo na mabawa. Aina tuiachie spishi.

Nilifuta aina kwenye kipeperushi nikaandika maumbo. Mama akasoma, akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wale wa jirani huenda walitoka kwangu?"

Inawezekana kabisa, mama.