Njia ya Tabora kwenye Skrini: Filamu Mbili, Mbinu Mbili

Mpenzi wa filamu aliyezaliwa Tabora ana jambo la kujivunia: historia ya mji wake imeguswa mara mbili na watengenezaji filamu wakubwa wa dunia. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley na Cedric Hardwicke akiwa Livingstone. Mwaka 1990 mwongozaji Bob Rafelson akatoa Mountains of the Moon, inayofuata safari ya Richard Burton na John Hanning Speke.

Misafara yote miwili, wa Stanley kumtafuta Livingstone na wa Burton na Speke, ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora. Burton na Speke waliingia Kazeh, eneo la Tabora ya leo, Novemba 1857, wakakaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akakwama takriban miezi mitatu kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Filamu hizi zinafaa kutazamwa tena kwa jicho la fundi, kwa sababu namna zilivyopigwa ndiyo iliyoamua nani asikike na nani abaki mapambo. Waliobaki mapambo ni wapagazi, ambao wengi wao kwenye njia hii walikuwa Wanyamwezi.

Tuanze na ya 1939, iliyoongozwa na Henry King. Spencer Tracy hakuletwa Afrika. Kilichokuja ni kikosi cha pili cha upigaji picha chini ya Otto Brower, na mshauri wa kazi hiyo alikuwa Osa Johnson, ambaye pamoja na marehemu mumewe Martin alikuwa ametengeneza filamu nyingi za wanyamapori wa Afrika Mashariki. Kikosi hicho kilipiga picha za nyika, wanyama na msururu wa wapagazi. Mtu aliyevalishwa kama Stanley alitembea kwa mbali, ili mtazamaji aone kofia na mwendo tu bila kuona sura. Kisha picha inakatwa, na mtazamaji anaruka hadi usoni mwa Tracy, ambaye yuko California.

Daraja kati ya pande hizo mbili lilikuwa mbinu iliyotawala studio za Hollywood wakati ule. Picha zilizopigwa nje zilimulikwa kutoka nyuma ya skrini kubwa inayopitisha mwanga, na mwigizaji akasimama mbele yake. Kamera na projekta zilifungwa pamoja zifungue na kufumba macho kwa wakati mmoja, la sivyo mandhari yangepepesa. Kazi ilihitaji umakini mkubwa, na kwa wakati wake ilikuwa ufundi wa hali ya juu.

Mtazamaji makini anaweza kuinasa. Aangalie mwanga: jua la nyuma linapiga upande mmoja, taa za studio zinapiga uso kutoka upande mwingine. Aangalie ukali wa picha: mandhari ni laini na yamefifia kidogo, kwa kuwa ni picha iliyopigwa picha tena. Halafu aangalie miguu. Mara nyingi mwigizaji anakatwa kiunoni, kwa sababu chini yake kuna sakafu ya studio, hakuna vumbi la Unyamwezi.

Mbinu hiyo ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti. Wapagazi waliopigwa picha Afrika walikuwa ndani ya skrini ya nyuma, na aliye ndani ya skrini hawezi kujibizana na aliye mbele yake. Stanley wa filamu akahitaji mtu wa kuzungumza naye studio. Waandishi wakambunia Jeff Slocum, mzoefu wa nyika za magharibi mwa Marekani, aliyechezwa na Walter Brennan. Katika historia, mtu wa namna hiyo alikuwepo na hakuhitaji kubuniwa: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar. Aliwaongoza Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia nishani ya fedha.

Hata hivyo, filamu ina onyesho moja la muziki lenye nguvu kweli. Livingstone anawaongoza wanakijiji kuimba wimbo wa kanisani Onward, Christian Soldiers. Anapiga mkono, sauti zinajikusanya, na kwa dakika chache mtazamaji anaelewa nafasi ya mzee huyu kijijini bila kuhutubiwa. Kwa jukwaa, hiyo ni kazi nzuri. Kwa historia, haiwezekani: Arthur Sullivan alitunga muziki wa wimbo huo mwaka 1871, na wakati huo Livingstone alikuwa bara tangu 1866, barua hata za nyumbani hazimfikii. Studio ilitafuta muziki Uingereza wakati muziki wa njia yenyewe ulikuwa umeshaandikwa habari zake na wasafiri.

Msafara wa Wanyamwezi ulikuwa onyesho lenye mpangilio kamili. Burton aliueleza kwa undani. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa wapagazi, amevaa kitambaa chekundu kirefu, ngozi ya mbega mgongoni na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ikimtambulisha. Mpiga ngoma alikuwa karibu naye. Nyuma yake walifuata wabeba pembe za ndovu, ambao ndio waliokuwa na heshima kuliko wapagazi wote, na kwenye ncha za pembe zilining'inia kengele. Kisha walikuja wabeba nguo na shanga, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Wanawake, watoto, punda na vyombo vya kambi vilikuwa nyuma. Baragumu lilitoa ishara. Nyimbo za kuitikiana ziliendesha mwendo. Siku ya kuingia mji mkubwa kama Kazeh, watu walitoa nguo zao nzuri mizigoni, bunduki zikafyatuliwa hewani, na wenyeji wakajitokeza kwa shangwe.

Hapo tayari kuna vazi, muziki, mpangilio wa jukwaa, mhusika mkuu na hadhira. Kirangozi alikuwa mwongozaji na mwigizaji kwa pamoja, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani.

Miaka 51 baada ya filamu ya kwanza, Rafelson alikwenda njia nyingine. Aliwapeleka Patrick Bergin (Burton) na Iain Glen (Speke) Kenya, wakapigwa picha kwenye jua halisi, na mpiga picha wake alikuwa Roger Deakins, ambaye baadaye alitwaa Oscar mbili, kwa Blade Runner 2049 na 1917. Tofauti inaonekana mara moja. Mwigizaji na mpagazi wako ndani ya fremu moja, jasho lao linang'aa kwa mwanga mmoja. Bombay amerudishiwa sura na kauli, akichezwa na Mkenya Paul Onsongo.

Ushahidi wa karibu ni onyesho la mdudu. Katika safari halisi, mwaka 1858, mdudu aliingia sikioni mwa Speke usiku, naye kwa maumivu akajichokonoa kwa kisu. Rafelson hakukimbilia mandhari wala maelezo. Anambana mtazamaji ndani ya hema, karibu na uso wa Glen, mpaka mtazamaji mwenyewe anashika sikio. Onyesho hilo linategemea mwigizaji aliyeachwa afanye kazi yake bila skrini ya nyuma.

Lakini Kenya si Unyamwezi. Nchi ya wazi ya Kenya humpa mpiga picha upeo mpana, msururu wa watu ukionekana kwa mbali kama mstari. Ardhi ya Tabora ni ya miyombo. Miti hufunga jicho kila upande, na njia hupinda kati ya mashina. Katika nchi ya namna hiyo, msafara husikika kabla ya kuonekana: kengele za pembe, ngoma, kiitikio, halafu ndipo bendera nyekundu ichomoze. Kwa lugha ya filamu, sauti inapaswa kutangulia picha. Hakuna kati ya filamu hizo mbili iliyofanya hivyo, kwa kuwa zote mbili ziliuanza msafara kwa macho ya mgeni aliyeajiri wapagazi.

Uwezo wa kuurekebisha upungufu huo sasa upo nyumbani. Amil Shivji alipoifanya riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, aliipiga Zanzibar kwenyewe, kwa Kiswahili, taarab ikiwa sehemu ya hadithi. Ilionyeshwa tamasha la Toronto na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kwa kazi hiyo moja imedhihirika kwamba filamu ya enzi zilizopita inaweza kutengenezwa mahali ilipotokea.

Tabora ina kila kinachohitajika. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone akisubiri wapagazi hadi Agosti 1872, linatunzwa kama makumbusho, nje kidogo ya mji. Miyombo ipo, na reli iliyofika mjini mwaka 1912 ingali inaleta abiria. Maisha ya Mirambo peke yake yanatosha filamu nzima, na ya Bombay yanatosha nyingine. Waongozaji wa Tanzania waje Unyanyembe na kamera zao, na kamera ya kwanza wampe kirangozi.