Kabla ya Winchi, Upepo: Hardtop kwenye Mchanga wa Msimbati

Mwenye Land Cruiser Hardtop anayetaka kuliandaa kwa njia za Msimbati na Kilambo, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, mara nyingi huanza na vitu vinavyoonekana: bampa la chuma, keria, taa za juu, springi za kuinulia. Vyote vina bei, na vyote vina kilo. Kwenye mchanga wa mwambao huu kilo ndiyo adui wa kwanza, kwa hiyo naona foleni hiyo imeanzia nyuma. Gari ninalolizungumzia ni lile lililozoeleka zaidi kazini: Hardtop lenye injini ya 1HZ, silinda 6, diseli ya lita 4.2 isiyo na tabo, likiwa karibu kama lilivyotoka kiwandani.

Tuanze na ardhi. Upande wa Msimbati kuna mchanga. Karibu na mdomo wa Ruvuma kuna tope la mikoko ambalo bahari hulifunika na kuliacha mara mbili kwa siku. Na mvua za Desemba hadi Aprili zikishika, udongo wa ndani huteleza kama sabuni. Mchanga mkavu unataka tairi liguse eneo kubwa. Tope la juujuu lenye ardhi ngumu chini yake linataka tairi jembamba litoboe lifike chini. Hakuna tairi moja linalofaa kote sawasawa, ila upepo unaweza kubadilishwa palepale njiani, bila kununua tairi jingine.

Piga hesabu. Chukua tairi lililobeba kilo 600. Kwenye upepo wa psi 40, ambao ni kama kilo 2.8 kwa kila sentimita ya mraba, tairi hilo linahitaji kukalia ardhi kwa takriban sentimita za mraba 213. Shusha hadi psi 18, eneo hilo linafika karibu 474. Ugumu wa kuta za tairi utapunguza kidogo tofauti hiyo, lakini bado ni kubwa kuliko faida ya kununua tairi pana zaidi. Tena alama ya tairi huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na urefu ndio unaolifanya lipande juu ya mchanga badala ya kusukuma kichuguu mbele yake.

Ujuzi huu ni wa zamani. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa magari ya kawaida ya Ford kuanzia miaka ya 1920, alijifunza kupunguza upepo na kubeba vipande vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu. Alipounda kikosi chake cha jangwani mwaka 1940, wakachukua malori ya Chevrolet ya biashara, wakang'oa milango na paa, wakaimarisha springi kwa sababu mzigo wa petroli na maji ulikuwa mzito kweli. Hatua yao ya kwanza kwenye bodi ilikuwa kupunguza uzito.

Kwa kuwa upepo ndio unaotangulia, kitu cha kwanza kununua ni kompresa nzuri inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, pamoja na geji ya kuaminika. Dereva asiye na namna ya kurudisha upepo hatautoa kamwe. Au atautoa, kisha atarudi mjini juu ya lami akiwa na psi 18, tairi likichemka na kuta zake zikichoka hadi kupasuka.

Hapa lakini pana mtego. Hardtop nyingi za kazi zina tairi za 7.50R16 zenye tyubu, kwenye rimu za ringi. Upepo ukishuka mno, tairi hujizungusha juu ya rimu, linaburuta tyubu, valvu inang'oka. Kwa tairi za namna hiyo nisingethubutu kushuka chini ya 20. Ndiyo sababu hatua ya pili ni rimu za inchi 6 zisizohitaji tyubu, na tairi za 235/85R16. Kimo chake ni karibu milimita 806, tofauti ndogo sana na 7.50R16, kwa hiyo spidomita na uwiano wa gia havibadiliki. Tairi refu zaidi huirefusha kila gia, na 1HZ isiyo na tabo itakulalamikia kwenye mchanga wa kwanza utakaoupanda.

Baada ya magurudumu, maji. Wengi wanaridhika kwamba gari lina mkonga, yaani bomba linaloivutia injini hewa ya juu. Mkonga una faida, hata kiangazi, kwa kuwa hewa ya juu haina vumbi jingi. Ila upimwe: injini ikiwa inanguruma taratibu, mtu azibe mdomo wake kabisa kwa kibao kilichofungwa mpira. Injini inapaswa kukabwa na kuzima. Ikiendelea kunguruma, kuna kiungo kinachovuta hewa kwingine, na kinachovuta hewa kitavuta maji. Difu nazo zinasahaulika. Difu lililochemka likizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kufyonza maji kupitia sili, na oili inageuka rangi ya maziwa. Mpira mrefu wa kupumulia, uliopandishwa hadi chini ya boneti, ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Maji yenyewe ni ya chumvi, kwa hiyo kila safari ya pwani iishie kwa kuosha chesisi na breki kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kupiga grisi upya.

Winchi niiache baadaye, ingawa najua inavyopendwa. Inaongeza uzito puani, mahali ambapo mchanga hauutaki, na inahitaji kitu cha kushika. Ufukwe mpana maji yakiwa yamekupwa hauna mti. Utalazimika kuzika tairi la akiba ndipo uvute. Siku ya bamvua maji yanarudi kwa kasi, na chepe, mbao mbili za kuwekea magurudumu na kamba imara ya kuvutwa na gari la pili vitakutoa mapema zaidi. Afadhali pia kutolipeleka gari ufukweni kabisa pale pasipo na haja: Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga kwenye mchanga huohuo mkavu ambao magurudumu yanauchimba.

Springi na shokapu ziwe mwisho, baada ya gari kupimwa kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida, yawe makasha ya samaki na barafu au magunia ya korosho. Ekseli ya nyuma ipimwe peke yake. Springi za kilo 600 kwenye gari linalobeba 200 hulirusha nyuma kila likipita kwenye makorongo, magurudumu yanapoteza ardhi na shokapu mpya zinavuja mapema. Nenda kwa fundi na tarakimu hiyo ya ekseli ya nyuma, naye achague majani ya springi kwa kuifuata.