Pipa Lilikuwa na Stakabadhi

Nianze na pauni 17, shilingi 7 na peni 6. Mliozoea safu hii mmeshajua naelekea wapi na mmeshaguna. Guneni tu. Hiyo ndiyo bei ambayo Bodi ya Jeshi la Majini la Uingereza iliafiki mwaka 1789 kuilipa kampuni ya Camden, Calvert & King kwa kila mfungwa wa Msafara wa Pili wa meli za wafungwa atakayepakiwa melini kwenda koloni la New South Wales, Australia. Atakayepakiwa, si atakayefika. Neno hilo ndilo lililoua watu 267, na sioni sababu ya kuwazungusha hadi mwisho wa makala ndipo niliseme.

Tuufungue mkataba wenyewe, maana wengi huuruka wakakimbilia pingu. Malipo yalikatwa mafungu matatu. Pauni 5 zilitoka mara vyumba na kuta za ndani zilipokamilika. Pauni 10 zilitoka shehena ilipokwisha kupakiwa na meli ziko tayari kung'oa nanga. Kwa hiyo kabla tanga halijashika upepo, mkandarasi ana pauni 15 kibindoni. Kilichobaki, pauni mbili na chenji, kilisubiri hati kutoka kwa mkuu wa ghala kule Sydney. Hati ya nini? Ya kuthibitisha kwamba shehena ya serikali imepokelewa. Pipa likipotea njiani, kuna mtu London atauliza. Mfungwa akipotea, hakuna kifungu kinachomuuliza mtu yeyote chochote. Nimekipitia kipande hicho kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta walau neno moja la kumnusuru aliyekiandika. Sijalipata.

Halafu kuna posho. Chakula cha kila mfungwa kilikuwa tayari kimo melini. Asiyekula leo ameacha sehemu yake, na nahodha ana soko upande wa pili wa dunia. Kapteni William Hill, askari aliyesafiri ndani ya Surprise, mojawapo ya meli za msafara huo, aliyaona hayo kwa macho yake. Aliandika kwamba biashara ya watumwa ilikuwa na huruma ikilinganishwa na safari ile, kwa sababu mfanyabiashara wa watumwa angalau hupata hasara mateka wake akifa, ilhali hapa aliyekufa mapema ndiye aliyeacha chakula kingi. Kuupamba utumwa kwa neno huruma ni kuupaka asali, na msomaji wa Bagamoyo hahitaji kuelezwa. Lakini hesabu ya Hill ilikuwa sahihi. Hesabu hiyo Bodi ingeweza kuipiga mezani, London, kabla ya mtu yeyote kupanda meli.

Vifaranga vyangu mnavijua. Kwa wageni: niliwahi kununua vifaranga 300 kwa msambazaji mmoja, nikakubali kwa ujinga wangu kulipia idadi iliyopakiwa. Gari lilifika saa nane mchana, maboksi yamefunikwa turubai, ndani kimya. Nilipofoka, dereva alinionyesha karatasi: 300, sahihi, muhuri. Karatasi ilikuwa hai kabisa. Naomba radhi kuweka watu na vifaranga katika aya moja, lakini si mimi niliyewaweka pamoja kwanza.

Sasa pingu. Kampuni ilikuwa ikifanya biashara ya watumwa ya Guinea, na vyuma vyake ikaja navyo. Pingu za kawaida za wafungwa zilikuwa na mnyororo unaoning'inia katikati ya miguu, ukafungwa kiunoni, mtu akaweza kutembea. Hizi zilikuwa na chuma kifupi kilichonyooka, urefu wa shubiri moja, kati ya kifundo na kifundo. Weka mkono wako mezani, tanua kidole gumba na cha mwisho: hapo ndipo mwisho wa hatua yako kwa miezi mitano. Bahari ikichafuka, maji yakiingia chini, huwezi hata kujitegemeza usianguke.

Matokeo mnayo. Neptune ilipakia watu 499, ikapoteza 158. Scarborough 253, ikapoteza 73. Surprise 254, ikapoteza 36. Walioshushwa Sydney wakiwa wagonjwa ni 486, na wapo waliokata roho walipotolewa tu hewani, kabla ya kugusa nchi kavu. Mchungaji Richard Johnson aliteremka chini ya sitaha ya Surprise akaona watu wamelala uchi, hawawezi kujigeuza. Alipotaka kuteremka Scarborough, nahodha alimsihi asijaribu.

Hapo Scarborough ndipo hoja yangu inaposimama. Meli hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwemo katika Msafara wa Kwanza wa 1787, na nahodha wake alikuwa John Marshall huyohuyo. Ubao uleule, usukani uleule, mkono uleule, na safari ya kwanza haikuacha msiba wa namna hii. Kilichobadilika ni karatasi. Kwa hiyo kila anaponijia mtu na habari za Donald Trail, nahodha wa Neptune, kwamba alikuwa katili, namjibu sawa, alikuwa katili. Alishtakiwa London mwaka 1792 pamoja na msaidizi wake William Ellerington kwa mauaji, wakaachiwa wote wawili. Lakini kumkaba Trail peke yake ni kumzomea kipa wakati kocha hakupanga beki hata mmoja.

Urambazaji, kwa haki, ulikuwa mzuri: siku 160 kutoka Uingereza hadi Sydney.

Na hapo ndipo wanaosema tatizo lilikuwa urefu wa safari wanapokwama. Arthur Phillip, na mnajua ninavyomheshimu mzee huyu, alitumia siku 252 kuufikisha Msafara wa Kwanza Botany Bay. Alisimama Tenerife, akasimama Rio de Janeiro, akasimama Rasi ya Tumaini Jema, na kila bandari alinunua nyama mbichi, mboga na matunda. Kiseyeye hakikupata nafasi kubwa. Wafungwa waliofia njiani hawakufika 50 katika meli zote. Msafara wa Pili ulitia nanga Rasi tu. Tazameni pia Lady Juliana, iliyotangulia kidogo na wanawake zaidi ya 220: ilijikokota miezi zaidi ya kumi, ikafikisha abiria wake wote isipokuwa watano.

Msafara wa Kwanza na Lady Juliana vilikuwa na mkandarasi mmoja, William Richards. Huyo ndiye aliyekuwepo mezani 1789. Alikuwa amekwisha kuonyesha kazi, vitabu vyake vinajulikana, manahodha wake wanajulikana. Akaachwa kwa sababu wengine walikuja na bei ya chini. Nimeandika mara ngapi hapa kuhusu kamati za zabuni zinazosoma safu ya mwisho tu ya jedwali? Nitaandika tena.

Utetezi wa kawaida ni kwamba wafungwa walitoka kwenye meli kuukuu za magereza wakiwa tayari wamedhoofu. Ni kweli, na wa Phillip walitoka palepale. Utetezi mwingine ni kwamba palikuwa na mwakilishi wa serikali, Luteni John Shapcote. Palikuwa naye, ndani ya Neptune yenyewe, na alifia njiani bila kuzuia lolote la maana.

Nina ugomvi mdogo na wachumi pia. Wao wanaipenda hadithi hii kupita kiasi: badilisha malipo yawe kwa anayefika hai, vifo vikome, somo limekwisha. Malipo yalibadilika kweli miaka iliyofuata, na vifo vikashuka. Lakini mwaka 1814, robo karne baadaye, meli ya wafungwa Surry iliingia Sydney na homa iliyomuua hadi nahodha wake. Ilibidi aje William Redfern, daktari aliyefika koloni akiwa mfungwa kwa kushiriki uasi wa mabaharia wa Nore, aandike kwa gavana mambo ambayo hela peke yake haiyaleti: hewa ipite chini, watu wapande sitahani, magodoro yaanikwe, na daktari awe wa serikali, asiwe mwajiriwa wa mwenye meli. Kuanzia 1815 madaktari hao wakawekwa. Kifungu cha malipo kilihitaji mtu wa kukisimamia, na mtu huyo alihitaji kutomwogopa nahodha. Redfern aliliona hilo kwa sababu aliwahi kulala upande wa chini wa sitaha.

Kule Sydney mwaka 1790, wakati mahema yakifungwa kwa ajili ya wagonjwa, baadhi ya manahodha walifungua duka ufukweni wakauza vyakula vilivyobaki, kwa bei ya kuruka. Vilibaki vingi. Habari za yote hayo zilipofika London, mkataba wa Msafara wa Tatu ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi. Mkandarasi: Camden, Calvert & King.