Shaka ya Mshairi Wakati wa Vita: Tungo za W. B. Yeats

Ushairi wa W. B. Yeats (1865–1939) ulikuwa umekwisha anza kuacha ulaini wake wa ujanani kabla ya nchi yake ya Ayalandi kuingia vitani. Hata hivyo, machafuko ya miaka 1916 hadi 1923 ndiyo yaliyoupa mtindo wake mpya jambo zito la kusema.

Tarehe 24 Aprili, 1916, watu wa Dublin waliasi utawala wa Kiingereza, na mwezi wa Mei viongozi 15 wakapigwa risasi. Mmoja wao, John MacBride, Yeats alimchukia, kwani alikuwa amemwoa Maud Gonne, mwanamke ambaye mshairi alimpenda maisha yake yote. Msomaji aliyezoea tenzi za vita atatazamia ama sifa ama maombolezo. Shairi la "Easter, 1916" lina yote mawili, kisha lathubutu kuuliza kama vifo vile vilihitajiwa. Ubaya wa MacBride haufichwi, walakini jina lake latajwa kwa heshima pamoja na wenzake. Mwanzoni zilipigwa chapa nakala 25 tu kwa marafiki. Umma haukulisoma mpaka 1920, wakati vita vya kudai uhuru vilipokuwa vimepamba moto.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkuta Yeats mnarani kwake, Ballylee. Katika "Meditations in Time of Civil War" wapiganaji wa pande zote mbili wafika mlangoni. Naye amlalamikia afisa wa serikali habari za mvua na mti wa matunda uliovunjwa na dhoruba. Udogo wa mazungumzo hayo waonyesha, kuliko kelele yoyote, aibu ya mtu ambaye maneno ndiyo silaha yake pekee.

Yawezekana kusema kwamba shaka hiyo ni anasa ya mwenye mnara. Hoja hiyo ina nguvu, lakini jibu lake limo katika tungo zenyewe. Mwaka 1934, alipovutwa na kundi la Blueshirts, Yeats alitoa nyimbo za kuandamana zisizo na shaka, nazo ni miongoni mwa kazi zake dhaifu. Baadaye yeye mwenyewe alizigeuza ili chama chochote kisiweze kuziimba. Basi, vita havikumkuza mshairi huyu kwa kumpa upande wa kushika, bali kwa kumnyima utulivu wa kuushika.